Ulifuata mzigo Guangzhou ukabakiwa na siku: ulitembea wapi? Tupeane uzoefu

Kariakoo Ndani:

Wakuu, habari za saa hizi.

Juzi mwanangu wa darasa la sita kaniuliza, "Baba, Guangzhou kuna nini?" Nikamjibu, kuna mabegi. Akatulia kusubiri niendelee. Sikuwa na cha kuendelea. Mji ule wa Uchina nimeenda mara sita tangu 2013, na ukinipa karatasi nikuchoree ramani yake nitakuchorea Sanyuanli kwenye mabegi, Xiaobei ninakolala, ofisi ya wakala wa kontena na uwanja wa ndege. Basi. Mji wa watu zaidi ya milioni 15 nimeufanya stoo.

Ila safari ya sita, Novemba 2019, kiwanda kiliniangusha. Mzigo wa Jumatatu ukasogezwa Jumatano, na hela ya kuzungukia vingine imekata. Asubuhi nzima nikawa nashuka mapokezi, napanda chumbani, nashuka tena. Binti wa mapokezi akachoka kuniona, akanigeuzia simu yake yenye ile programu ya kutafsiri: "Bustani iko karibu. Nenda."

Bustani yenyewe ni Yuexiu. Kutoka Xiaobei ni kwa miguu tu, na kiingilio bure. Miaka yote hiyo nalala jirani nayo! Ndani kuna sanamu ya mbuzi watano, kubwa, imeungwa kwa vipande zaidi ya 130 vya graniti. Wanasimulia kwamba zamani palikuwa na njaa, wakashuka wazee watano wa mbinguni wamepanda mbuzi, na kila mbuzi ana suke la mpunga kinywani. Wazee wakawapa watu mpunga, wakapaa zao. Mbuzi wakabaki, wakageuka mawe. Ndiyo maana wenyeji wanauita Mji wa Mbuzi. Ukipanda kilima kidogo mbele unakuta ghorofa jekundu la zamani, Zhenhai, la tangu mwaka 1380, ndani yake makumbusho ya mji. Humo nilipita haraka, miguu ilikuwa inauma.

Kilichonishika ni mzee mmoja njiani. Ana fimbo ndefu yenye sifongo iliyochongwa ncha kama brashi, na kindoo cha maji. Anachovya, anaandika herufi zao kwenye sakafu ya mawe, kila herufi kubwa kama sahani ya wali. Anarudi kinyumenyume taratibu. Akifika herufi ya nane au ya tisa, ya kwanza imeshakauka, haipo. Anarudi mwanzo, anaandika tena palepale. Hauzi kitu, hana kopo la sadaka. Nikasimama mpaka akaniona, akaninyooshea fimbo. Nikaandika jina langu, herufi zimepinda kama za chekechea. Wazee wenzake wakapiga makofi. Lilianza kukauka upande wa jua, ikabaki A ya mwisho peke yake, halafu nayo ikaenda.

Haya, nimeanza. Mwenye hadithi yake ya Guangzhou isiyokuwa ya mzigo aimwage hapa. Bei za kontena tuna nyuzi zake, tafadhali msiniharibie.

Ngongo wa Makete:

Nimeenda mara nne. Nimeona mizani ya kupimia mabelo. Nakaa hapa nasoma.

Bi Kizingo:

Asalaam aleikum nyote. Mimi ni wa Mombasa, biashara yangu mapazia na vitambaa vya makochi. Mwaka 2018 nilikuwa na kijana akinizungusha masokoni, Ijumaa akanambia, "Mama, leo hadi saa nane sipo, naenda kuswali." Nikamwambia, basi twende sote.

Msikiti wenyewe waitwa Xianxian, uko barabara ya Jiefang kaskazini, mkabala na hiyo bustani ya ndugu hapo juu. Kabla hujafika mlangoni wapita kwenye soko la Ijumaa, na hapo ndipo nilipojua nimekuja mahali. Wauzaji ni Waislamu wa kwao huko, wa Xinjiang na kwengine, wamepanga mikate ya tanuri mikubwa kama masinia, yamwagiwa ufuta, na mishikaki ya kondoo, na matunda makavu, na maziwa mala yamefunikwa vizuri bakulini. Pilau yao ni karoti na mafuta ya kondoo. Mdalasini hakuna, iliki hakuna. Nilikula sahani mbili hivyo hivyo.

Ndani kuna makaburi ya zamani chini ya miti, na kelele za barabara zakatika ghafla kama umefunga dirisha. Kuna kijumba cha matofali chenye kuba, wasema amelazwa humo sahaba Sa'd bin Abi Waqqas. Ukisema neno ndani, sauti yakurudia kutoka juu, ndiyo maana wenyewe huliita kaburi la mwangwi. Nilisoma Fatiha kwa sauti ndogo ikanirudia nzito kuliko yangu, nikanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Kwenye kutia udhu akaja mama mmoja kanitazama, "Wewe si wa Mombasa wewe?" Yeye ana duka Kongowea. Miaka kumi na mbili twauziana kwa mkono wa tatu na hatujawahi kuonana. Tumejuana Guangzhou kwenye mfereji wa udhu.

Mwanachuo wa Panyu:

Mama yangu Bi Kizingo, umenitia njaa. Mimi nasoma hapa, mwaka wa nne sasa, niko Mji wa Vyuo kule Panyu. Naomba niweke sawa kidogo bila kuharibu utamu. Vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema Sa'd alifariki karibu na Madina akazikwa Baqi', kwa hiyo habari ya kaburi la hapa watafiti wengi wanaichukulia kuwa ni masimulizi. Kisicho na ubishi ni kwamba Waarabu na Waajemi waliishi na kufanya biashara hapa tangu enzi za Tang, utawala wa kifalme wa Uchina wa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Anayetaka kuona kwa macho aende Msikiti wa Huaisheng, barabara ya Guangta. Mnara wake una mita 36, wa mviringo, mweupe, unakwenda ukipungua kuelekea juu, hauna nakshi yoyote. Inasemwa zamani uliwashwa taa kuongoza vyombo vya mtoni. Siku hizi mto uko mbali kabisa, mnara umezungukwa na maduka.

Bi Kizingo:

Mwanangu, mimi sikwenda kumfukua mtu. Nilikwenda kusoma Fatiha. Lakini huo mnara ulivyousimulia wanikumbusha nguzo ya Mbaraki kwetu. Nikienda tena nitautazama, inshallah.

Mama Chereko:

Mimi na kinyongo changu. Mwaka 2016 nililipa yuan 150 kupanda Canton Tower (Canton ndilo jina la zamani la Guangzhou). Ule mnara una mita 600, lifti inapanda mpaka masikio yanaziba, nimevaa na gauni langu la picha. Nafika juu: wingu. Kioo kizima cheupe kama shuka la hospitali. Juu kabisa kuna vibanda vya kioo 16 vinazunguka ukingo wa paa, watu wamekaa ndani wanapiga picha za weupe mtupu. Dada yangu niliyemtumia picha akaniuliza, "Uko bafuni?"

Mwanachuo wa Panyu:

Pole dada. Hapa kuanzia Aprili mpaka Juni mvua na ukungu ni kawaida, na miezi ya joto kuna vimbunga. Novemba na Desemba ndiyo anga linafunguka. Halafu nikupe siri: wenyeji wengi huo mnara hawaupandi. Wanauita kwa jina la utani, maana yake kiuno chembamba. Sisi tungesema kiuno cha nyigu. Kiuno utakionaje ukiwa umesimama kichwani? Nenda Uwanja wa Huacheng saa moja usiku, ng'ambo ya mto, simama utazame. Bure. Taa zinabadilika rangi toka chini mpaka juu, na kando yako una jumba la opera alilolisanifu Zaha Hadid, limekaa kama kokoto mbili zilizosuguliwa na maji. Yote mawili yalifunguliwa 2010, mwaka wa Michezo ya Asia.

Mti Mkavu:

Napinga. Nimepanda Desemba, saa kumi na moja jioni, nikakaa mpaka giza likaingia. Mto wote unauona, meli za watalii zinapita chini na taa zao kama siafu wamebeba makaa. Yuan zangu hazijaniuma. Tatizo si mnara, tatizo ni tarehe ya tiketi yako, mama.

Mama Chereko:

Haya, baba. Nimekubali. Wingu lile lilikuwa langu.

Fundi Mlango:

Mie fundi wa milango, Unguja. Nilikwenda 2017 kununua mashine ya kuchongea ya kompyuta, kule Foshan. Foshan na Guangzhou ni kama ukuta na ukuta, treni ya chini ya ardhi inakufikisha. Siku ya mwanzo nimeshalipa mashine, wakala kachoka na maswali yangu ya mbao, kanambia, kesho nenda nyumba ya ukoo wa Chen, kuna kituo cha treni cha jina hilohilo.

Ile nyumba ilijengwa 1890 hadi 1894. Watu wa ukoo wa Chen kutoka wilaya 72 za jimbo la Guangdong walichangishana, vijana wao wapate pa kufikia wakija mjini kufanya mitihani ya ufalme. Majumba 19 na nyua katikati yake. Watalii wote wanatazama juu, na kweli, uti wa kila paa umejaa vinyago vya udongo wa kuchoma: watu wa michezo ya jukwaani, simba, popo, maua, rangi zake kama peremende. Mie shingo yangu haikwenda juu. Nilikwama kwenye ukumbi wa katikati, kwenye viwambo vya mbao.

Nikuelezeni. Ubao mmoja, umechongwa pande zote mbili. Mbele watu wa vita na farasi, ukizunguka nyuma unawakuta hao hao kwa nyuma. Halafu si kuchonga kwa juu juu. Patasi imepita chini ya jani, ikatokea upande wa pili, jani likabakia limesimama peke yake na kivuli chake. Farasi ana nafasi baina ya mguu na mguu, unaona mwanga. Nikapiga magoti. Nikatafuta alama ya patasi ilipoteleza, maana kila fundi huteleza, na anaefichua ni fundi mwenzake. Nikaiona moja, kwenye mkia wa farasi wa tatu, kakata kidogo zaidi kisha kageuza akafanya nywele. Nikacheka peke yangu. Nikanyosha kidole, askari akakohoa. Nikarejesha kidole.

Ile mashine yangu msumari wake unashuka kutoka juu tu. Chini ya jani hauingii. Inanichongea mlango mzima kwa siku moja na nusu, inanilisha, siisemi vibaya. Lakini mlango wa nyumbani kwangu niliuanza kwa mkono niliporudi, na hadi leo ubao wa juu haujesha. Mke wangu anapitia mlango wa uani.

Kariakoo Ndani:

Fundi, hapo kwenye mkia wa farasi umeniua. Picha ya mlango basi.

Fundi Mlango:

Ukisha.

Sufuria Kamukunji:

Sasa wadau. Mimi ni Mkatoliki wa Nairobi, nauza vyombo vya jikoni. Jumapili moja nilitafuta misa. Nikaelekezwa barabara ya Yide, na wacha niwaambie, ile barabara unaijua kwa pua kabla ya macho. Ni soko la jumla la samaki wakavu: kamba, ngisi, chaza, magunia kwa magunia. Nilidhani nimerudi Kisumu kwa omena. Halafu unapinda kona, na hapo, katikati ya harufu yote hiyo, kanisa la mawe limesimama kama limeshushwa na kreni kutoka Ufaransa. Graniti tupu toka ngazi mpaka minara. Lilijengwa 1863 hadi 1888, miaka ishirini na tano, na wenyeji huliita tu Nyumba ya Mawe.

Misa ya Kiingereza ilikuwa saa tisa unusu alasiri. Nilienda nikitarajia Wachina wachache na wazungu. Nikakuta nusu ya kanisa ni Waafrika, Wanigeria wengi, mavazi ya kitenge, watoto wanakimbia kwa viti. Kwaya ikaanza na mzee mmoja nyuma yangu akaachilia sauti ya nne, nene, ile ya kutetemesha ubao wa kiti. Nikageuka. Mchina. Babu wa miaka themanini hivi, kitabu cha nyimbo ameshika juu chini, haangalii. Nilikuwa nimepanga kuondoka baada ya komunyo niwahi duka la masufuria. Sikuondoka.

Mwambao wa Pwani:

Wengi mtapita mbele ya Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue, ufalme wa kale wa huko, bila kujua, yako karibu na kituo cha Yuexiu Park. Mwaka 1983 walikuwa wanasawazisha kilima wajenge nyumba za kuishi, wakatoboa kaburi la mfalme aliyezikwa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, Zhao Mo. Amevalishwa sanda ya vipande 2,291 vya mawe ya jedi, vimeshonwa kwa uzi wa hariri nyekundu. Wamemzika na watu 15 wa kumhudumia, wapishi, walinzi, wanamuziki. Hapo nilipita nikiwa nimekunja uso.

Lakini ndani zaidi kuna kabati la kioo lenye pembe tano za ndovu, zimeoza na kukatika, rangi ya muhogo mkavu. Maelezo yanasema ni za tembo wa Afrika.

Mimi nimezaliwa Bagamoyo. Habari ya pembe tumeimbiwa tangu utoto: misafara kutoka bara, mabega yaliyochunika, majahazi. Nilidhani biashara hiyo ni ya babu wa babu yangu na Waarabu wa Unguja, karne ya 19, imekwisha. Sasa nasimama Guangzhou, nimekuja kununua vifuniko vya simu, naangalia pembe zilizovuka bahari kabla Yesu hajazaliwa. Nani alizibeba? Zilipita mikono mingapi mpaka zifike kwa mfalme huyu? Na kilima chenyewe, mwongozaji alituambia, jina lake maana yake ni Kilima cha Tembo, na kiliitwa hivyo kabla hawajajua kuna pembe chini.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikala mkate. Vifuniko vya simu nilinunua kesho yake.

Ngongo wa Makete:

Duh. Na mimi nililala hoteli mtaa wa pili na hapo. Siku tatu.

Pantoni:

Kwa wasio na hela: mtoni kuna vivuko vya kawaida, vya abiria wanaoenda kazini, yuan 2. Mimi mtu wa Kigamboni, nikasema nipande nione wenzetu. Hakuna kusukumana. Hakuna karanga, hakuna mhubiri, hakuna dawa ya meno inayotibu na kiungulia. Nilivuka mara mbili nikashuka nimepooza. Mandhari lakini ni yaleyale ya meli ya watalii.

Mama Chereko:

Nirudi kufuta aibu ya mnara. Raha ya Guangzhou niliipata mezani.

Mwenye kiwanda changu cha nguo za watoto, mama wa makamo, alinialika asubuhi "kunywa chai". Nikajua ni kikombe nusu saa tuongee bei. Wee! Ni ukumbi wa ghorofa tatu, saa mbili asubuhi umejaa bibi na babu na magazeti yao, kelele kama sokoni. Chai inakuja kwa birika, halafu vinakuja vikapu vidogo vya mianzi vyenye mvuke, vinne, vitano, vinapangwa juu ya vingine. Kitu cha kwanza akamwaga chai ya moto kwenye vikombe na bakuli, akasuuza, akaimwaga kwenye bakuli kubwa. Mimi nikaichukua ile bakuli kubwa nikataka kunywa. Akaniwahi mkono.

Kila akinimiminia, anangoja. Sijui anangoja nini. Kumbe ukimiminiwa unagonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yenyewe. Wanasema zamani mfalme alijigeuza raia akawa anazunguka mitaani, siku moja akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hawezi kupiga magoti mbele za watu, atatoboa siri ya mfalme, ndipo akapigisha vidole magoti juu ya meza. Mpaka leo nikimiminiwa chai kwangu Tabata nagonga meza, watoto wananicheka.

Vikapu: kamba ndani ya unga mwembamba unaona rangi yake, tambi pana za mchele zimekunjwa kama chapati. Kikaja kikapu cha tano, akakisogeza kwangu kwa heshima zote, cha mgeni. Nafunua. Miguu ya kuku! Miguu ya kuku ileile ya Manzese, ila imekaangwa ikachemshwa ikalala kwenye mchuzi mweusi mtamu wenye pilipili. Nikamwambia kwa simu, "Hii kwetu wanakula walevi jioni." Simu ikatafsiri, akasoma, akacheka mpaka akafuta machozi, akaagiza kikapu kingine. Tulikaa saa tatu. Bei tuliongea dakika kumi za mwisho, na alinipunguzia.

(Wenzangu Waislamu, kwenye hivyo vikapu nguruwe ni mwingi, ulizeni kwanza.)

Baba Pacha:

Kama mna watoto, kule Panyu kuna hifadhi ya wanyama ya Chimelong. Ndiko walikozaliwa panda watatu wa mimba moja mwaka 2014, na wote watatu wakaishi. Tiketi si ndogo. Wanangu waliwatazama panda wakila mianzi dakika arobaini, twiga dakika moja.

Kinyonga:

Uzi mtamu, lakini hakuna aliyesema kuhusu simu. Nisikilizeni nisije nikawapoteza.

Mwaka jana nikaenda Barabara ya Beijing. Ni mtaa wa maduka wa kutembea kwa miguu, na katikati yake wameweka vioo sakafuni. Unainama unaona chini barabara za kale, moja juu ya nyingine, tabaka 11 kuanzia enzi za Tang. Walizigundua 2002 wakitengeneza mtaa. Yaani zaidi ya miaka elfu watu wanapita palepale kununua vitu, na mimi hapo juu na mfuko wa soksi. Nikapiga video kila kioo, namsimulia mke wangu. Kioo cha mwisho, simu ikazima.

Sasa simu ikizima Uchina umezima na wewe. Hela iko kwenye simu, ramani iko kwenye simu, tafsiri iko kwenye simu, jina la hoteli kwa Kichina liko kwenye simu. Nina noti za yuan lakini sijui naenda wapi. Naangalia pembeni: mashine ya kukodisha pawabenki, zimejaa, zinawaka taa za kijani. Kuikodi unaskani kwa simu! Nimesimama mbele yake kama mtu aliyefungia ufunguo ndani ya gari. Akapita kijana wa shule na begi mgongoni, nikamwonyesha simu nyeusi, nikamwonyesha mashine. Akaskani yake, akanipa, akakaa na mimi kwenye ngazi ya duka mpaka ikafika asilimia kumi, maana anatakiwa kuirudisha yeye. Nikamnunulia aiskrimu. Hatukuwa na lugha, tukawa tunaangalia barabara ya Tang chini ya miguu ya watu.

Mwanachuo wa Panyu:

Kinyonga, umenipunguzia kazi. Basi ya nyongeza kwa wanaokuja. Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, siku hizi zinakubali kadi za benki za nje, ziunganishe ukiwa bado nyumbani, maana benki yako ikituma namba ya siri kwa laini ya nyumbani isiyoshika mtandao huku, umekwama. Ramani ya Google isahau, tumia Gaode. Treni ya chini ya ardhi inaanzia yuan 2, ila Laini ya 3 saa mbili asubuhi usiipande kama una moyo dhaifu. Pasipoti tembea nayo yenyewe, si kopi, polisi wanaweza kukuuliza hasa maeneo ya Xiaobei, na makumbusho mengine unajiandikisha kwa namba yake. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli, nenda naye kituo cha polisi ndani ya saa 24 ujiandikishe. Na kadi ya hoteli yenye Kichina weka mfukoni, ya karatasi.

Machi mkija tazameni miti yenye maua mekundu makubwa, haina hata jani moja. Ni jamii moja na msufi wetu, ndiyo ua la mji. Mabibi wanaokota yaliyoanguka wanaanika kwa ajili ya chai. Mimi nilidhani wanafagia, nikawasaidia kuyatupa. Sitasimulia zaidi.

Kariakoo Ndani:

Asanteni sana, wakuu. Uzi nimemsomea mwanangu wote, kasoro kile cha miguu ya kuku na walevi. Amechagua panda. Mama yake amechagua viwambo vya Fundi.

Mimi nina tiketi ya tarehe 9 Aprili. Maonesho ya biashara ya Canton yanaanza 15, hoteli zinapanda bei, kwa hiyo nataka niwahi kutoka. Safari hii nimeamua siku ya kutembea iwe ya kwanza, kabla sijagusa begi hata moja. Asubuhi chai na vikapu, halafu pembe za ndovu, jioni kivuko.

Mama Chereko:

Aprili? Mnara usipande.

Bi Kizingo:

Na ikiangukia Ijumaa, niletee mkate ule wa ufuta. Wakaa siku nne bila kuharibika.

Fundi Mlango:

Ukenda kwa Chen, farasi wa tatu kutoka kushoto, ukumbi wa katikati. Mkia. Usitie kidole.

Ngongo wa Makete:

Na yule mzee wa maji?

Kariakoo Ndani:

Nitapita. Akiwepo, safari hii namwandikia jina la mwanangu, ni fupi.